Kitabu cha Tija na Kitabu cha Ajabu: Visomwe kwa Jicho Moja

Katika vyuo vyetu kuna mabishano ya miaka mingi ambayo hayajapata kumalizika: mwanachuo apewe asome nini nje ya vitabu vya masomo yake? Upande mmoja husema apewe vitabu vya kumwongezea tija, yaani vile vinavyofundisha kupanga siku, kutunza fedha, kujijengea mazoea mema na kufanikiwa katika kazi. Upande wa pili husema apewe hadithi, na hasa hadithi za ajabu, zenye majini, nchi zinazoelea hewani na wanyama wasemao, kwa kuwa hizo ndizo zinazomfanya mtu apende kusoma. Wa kwanza huwaita wa pili wapotezaji wa wakati; wa pili huwaita wa kwanza watu wakavu. Sisi tunaofundisha hapa Buhare, kandokando ya mji wa Musoma, tumevisoma vitabu vya namna zote mbili kwa muda mrefu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini tunaviona kuwa ni ndugu, na kwa nini tunaamini kwamba anayejua kuisoma vizuri hadithi ya ajabu ndiye awezaye kukisoma kitabu cha tija bila kupotoshwa nacho.

Jambo hili si dogo. Wanachuo wanaosomea ualimu na maendeleo ya jamii watakwenda kukaa na watu, Bunda, Butiama, Rorya, Serengeti na kwingineko. Yale wanayoyasoma leo ndiyo watakayoyasema kesho mbele ya mkutano wa kijiji. Kijana aliyeshiba vitabu vya mafanikio peke yake yumo hatarini kumwambia mama wa kijijini kwamba umaskini wake unatokana na kutoipanga siku yake; ilhali mama huyo ameamka kabla ya jogoo, ameteka maji, amelima, amesenya kuni, na bado hajaketi. Neno moja la namna hiyo latosha kuvunja imani ya kijiji kizima kwa mtumishi wake, na imani ikishavunjika, hata ushauri mwema hausikilizwi.

Mkoa uliosomea pamba

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kulijua suala hili. Tangu mwaka 1968 hadi 1972 mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, ilikuwa uwanja wa majaribio ya kisomo chenye manufaa, mpango uliosaidiwa na UNESCO na Umoja wa Mataifa, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vya kwanza vya watu wazima viliandikwa juu ya kazi: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi na mambo ya nyumbani. Mkulima alijifunza silabi huku akitaja mbegu, palizi na wadudu waharibifu. Hivyo basi, kwa wazee wengi wa mkoa huu, kitabu cha kwanza kukishika mkononi kilikuwa kitabu cha tija, kabla neno hilo halijaenea midomoni mwa watu.

Mpango huo uliambatana na fikra ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa Machi 1967. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikatoa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo Novemba 1977, tena likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma; kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba waliosalia hawakufika mmoja katika kila kumi. Mtu mwenye haki hawezi kuibeza kazi hiyo.

Hata hivyo lipo swali ambalo walimu wa kisomo walikutana nalo, nalo lingali linatungoja. Mtu aliyejifunza kusoma kwa pamba, alipokimaliza kitabu cha pamba, alisoma nini? Gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza mwaka 1974 ili wasomaji wapya wa kanda hii wasikose cha kusoma. Lakini anayejua kulima pamba hana haja ya kuelezwa mara ya pili jinsi ya kuilima. Akishaishika kanuni, kitabu kimemwishia. Hadithi haiishi hivyo. Aliyeisikia jana ataitaka tena leo, na kila mara ataona jambo ambalo jana lilimpita. Mtu huyohuyo aliyefundishwa silabi za pamba mchana, usiku aliwasimulia wajukuu zake ngano za zimwi na sungura. Ni wachache waliomwambia kwamba na hizo zingeweza kuandikwa katika daftari lake la kisomo.

Wala tusidhani kwamba waliosimamia elimu ya kazi waliidharau hadithi. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, ndiye aliyeandika Elimu ya Kujitegemea. Ndiye pia aliyefasiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Katika hiyo ya pili mna masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na mchumba hupatikana kwa kuchagua sanduku. Hilo ni jambo la ngano tupu. Mkono ulioandika juu ya shamba la shule mwaka 1967 ndio ulioyaleta masanduku hayo kwa msomaji wa Kiswahili miaka miwili baadaye. Basi nani anatuambia leo kwamba mambo haya mawili hayakai katika kichwa kimoja?

Nchi iliyofichwa katika kitabu cha tija

Vitabu vya tija vina faida, nasi tumezipata. Stephen Covey, katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya mazoea saba, anatofautisha jambo la haraka na jambo la maana. Kila mwalimu anaijua tofauti hiyo: kengele, barua ya ofisi na kikao cha ghafla ni mambo ya haraka; kumfuatilia mwanachuo anayebaki nyuma ni jambo la maana, nalo ndilo linaloahirishwa kila siku. James Clear, katika kitabu cha mwaka 2018, anafundisha kwamba badiliko kubwa hujengwa kwa mazoea madogo madogo. Wahenga walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini si vibaya mtu kuonyeshwa jinsi ya kukijaza hicho kibaba.

Tulipoendelea kusoma, tuliona kwamba kila kitabu cha namna hii kina nchi yake ya kubuni, ingawa mwandishi haitaji. Katika nchi hiyo kila mtu ana chumba chake, meza yake, na saa moja ya alfajiri isiyodaiwa na yeyote. Hakuna mgonjwa anayesubiri kupelekwa zahanati kwa baiskeli. Hakuna msiba wa jirani. Mvua haichelewi. Mtu akifanikiwa, amefanikiwa kwa juhudi yake. Akishindwa, ameshindwa kwa uvivu wake. Hiyo ni nchi ya ajabu kuliko nyingi tulizozisoma katika ngano, tofauti ikiwa moja tu: ngano hutuambia mapema kwamba tunaingia katika ajabu.

Tuchukue mfano wa karibu. Mama anayeanika dagaa katika mwalo wa ziwa letu hawezi kuishi kwa ratiba ya juma. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika giza la mwezi. Mbalamwezi inapokuwa kamili uvuvi hupungua au husimama. Basi zipo siku ambazo mama huyu hana nafasi ya kulala, na zipo siku ambazo hana cha kuanika. Mvua ikimkuta dagaa mchangani, kazi ya usiku mzima inaoza. Kitabu kinahesabu siku saba. Mwalo unahesabu mwezi. Afisa atakayemfundisha mama huyu zoea la kila siku, saa ileile, bila kumwuliza kwanza kazi yake inafuata nini, atakuwa amempa kanuni za nchi nyingine.

Tena vipo vitabu vinavyokwenda mbali zaidi. Kile cha Napoleon Hill cha mwaka 1937, ambacho kimefuatwa na vingi vya mfano wake, kinamfundisha msomaji kwamba fikra ikishikiliwa kwa nguvu hugeuka kuwa mali. Tunauliza: jambo hilo lina tofauti gani na pete ya jini? Ipo moja. Msomaji wa hadithi ya pete hatoki kwenda kuitafuta pete sokoni. Msomaji wa kitabu cha utajiri huenda akauza mbuzi wake ili alipie semina.

Na hapa pana jambo linalotufurahisha kila tunapolikumbuka. Kitabu mashuhuri cha Samuel Smiles juu ya kujisaidia kilitoka Uingereza mwaka 1859, na wengi hukihesabu kuwa baba wa vitabu vya namna hii. Lakini Smiles mwenyewe anaeleza katika utangulizi kilivyozaliwa. Katika mji wa Leeds vijana wachache wa kazi za mikono walianza kukutana jioni za majira ya baridi ili wafundishane kile ambacho kila mmoja alikijua. Walipoongezeka walikodi chumba kikuukuu kilichokuwa kimetumiwa kama hospitali ya kipindupindu, kisha wakamwalika Smiles azungumze nao. Kwa maneno mengine, kitabu kinachomsifu mtu anayejisaidia peke yake kilizaliwa katika darasa la watu waliosaidiana. Historia hiyo ina mafunzo kwa mwalimu wa watu wazima kuliko sura nyingi za kitabu chenyewe.

Kazi iliyofichwa katika kitabu cha ajabu

Sasa tuitazame rafu ya pili. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi inayoelea hewani. Mshtakiwa Karama, anayesimama mbele ya mfalme kwa mashtaka ya waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alipata taabu, aliona mambo mema ya nchi nyingine, akarudi na shauri la kuwafaa watu wake. Kila mmoja alitiwa gerezani.

Tunadiriki kusema kwamba hakuna kitabu cha kazi tulichokisoma kinachomfaa afisa wa maendeleo kuliko hiki. Vitabu vya tija hufundisha jinsi ya kupata wazo jema. Havisemi sana juu ya siku ile ambayo wazo jema linafika mbele ya watu ambao hali ilivyo inawanufaisha. Kusadikika hakizungumzii kitu kingine. Mwanachuo aliyekisoma vyema, shauri lake likikataliwa kijijini, hatakimbilia kusema kwamba watu ni wajinga. Atauliza ni nani anayepoteza kitu shauri hilo likikubaliwa. Aidha atajifunza kwa Karama kwamba ukweli unahitaji uvumilivu na namna ya kusemwa.

Katika Adili na Nduguze, kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, tunamwona Adili akilitawala jimbo lake vizuri hata akawa mfano. Lakini usiku, kwa amri ya jini, hana budi kuwachapa nyani wawili, ambao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya husuda yao. Kitabu cha tija kingemtazama Adili wa mchana, kikaandika siri saba za utawala bora. Hadithi inatupeleka usiku. Inatukumbusha kwamba mtendaji hodari huenda ana mzigo ambao taarifa yake ya kazi haiuonyeshi. Na mwalimu asiyelijua hilo juu ya wanafunzi wake hajawajua.

Ng'ambo ya ghuba, pale mtu avukapo kutoka Kisorya, upande wa Bunda, kuna Ukerewe, na Ukerewe imetupa waandishi wanaofaa katika mjadala huu. Aniceti Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kitabu chake kirefu juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakiandika kwa Kikerewe. Kiswahili chake kilitoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Humo mna kilimo, uvuvi, ujenzi na upishi wa pombe ya ndizi, kila kazi kwa hatua zake, hata mtu angeweza kujifunza kazi kwa kukisoma. Lakini kila kazi ina sababu: Myombekere anahangaikia pombe kwa kuwa wakweze wamemtoza, naye anamtaka mkewe arudi. Tija imo, nayo ina mtu inayemtumikia. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe ambaye naye alipata kuwa mwalimu, alitupa baadaye Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya ambazo njia zake hazifuati ramani ya dunia hii. Msomaji wake hapewi jibu, bali hulazimika kulitafuta.

Hata kitabu cha watoto kina neno lake. Habari za Alisi katika nchi ya ajabu, zilizotungwa na Lewis Carroll mwaka 1865, zimefasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 na tena mwaka 2015. Zinaanza na sungura mwenye saa mfukoni, anayekimbia akilalamika kwamba amechelewa. Watoto wetu wanamjua sungura kuwa mjanja wa kila hadithi. Kumwona amegeuka mtumwa wa saa kunawachekesha sana. Wakishacheka, waulizwe: anachelewa kwenda wapi, na kwa amri ya nani?

Yanayopingwa

Baadhi ya wenzetu hutuambia kwamba hadithi za majini na uchawi zinazidisha ushirikina katika mkoa ambao tayari una mzigo huo. Hofu yao ni ya haki. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine ushahidi ulikuwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Lakini waliofanya maovu hayo hawakufundishwa na riwaya. Darasani, hadithi husomwa ikijulikana kuwa imetungwa. Tunauliza nani ameitunga, kwa nini, na tunajuaje. Anayezoea kuuliza hivyo ana kinga dhidi ya uvumi wa kijiji, na pia dhidi ya kitabu kinachomwahidi mali kwa nguvu ya mawazo.

Wengine husema muda hautoshi. Kwa hao tunajibu kwa njia ya kazi, kama ifuatavyo.

Jinsi ya kufundisha

Tunapendekeza mfululizo wa vipindi vitatu, ambavyo mkufunzi yeyote anaweza kuvipanga bila gharama.

Kipindi cha kwanza: darasa lisome kurasa chache za kitabu cha tija. Wanachuo, katika vikundi vya watu watano, waandike kanuni za nchi iliyomo. Watu wake wana nini? Nani anawapikia? Nani hayumo? Baada ya hapo ndipo wachague mashauri yanayofaa kuchukuliwa, kwa maana yapo.

Kipindi cha pili: darasa lisome safari ya mjumbe mmoja wa Kusadikika. Vikundi vilevile viulizwe: mjumbe amefanya kazi gani, nani angenufaika nayo, nani aliiogopa? Kisha watoe mfano wa shauri jema waliloliona likikataliwa kwao nyumbani, nao waeleze sababu bila kumtukana mtu.

Kipindi cha tatu kitanguliwe na kazi ya nje. Kila kikundi kimtembelee mtu mmoja wa kazi, kama vile mwanika dagaa, mkulima wa pamba, fundi baiskeli au mama lishe, kimwombe ruhusa kwa heshima, kikae naye na kumsikiliza anavyoihesabu siku yake. Wakirudi waandike ukurasa mmoja wa mashauri kwa ajili yake, na ngano fupi moja ambamo kazi yake imo. Maandishi yote mawili asomewe mwenyewe. Akisema kwamba shauri halifai, liandikwe upya. Yeye ndiye mtahini wa mwisho, wala alama za mkufunzi zisimpinge.

Tumeona kwamba ngano zinazoandikwa hivyo huwa na maarifa mengi ya kazi, na kwamba mashauri huwa mafupi na ya adabu zaidi. Mwanachuo aliyekwisha kukaa juani na mwanika dagaa haandiki tena juu ya uvivu.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusiigawanye maktaba kuwa upande wa wanaojenga taifa na upande wa wanaojifurahisha. Anayewasomea wanachuo wake kitabu cha tija awafundishe kuuliza nchi yake iko wapi na wakazi wake ni akina nani. Anayewasomea hadithi ya ajabu awafundishe kuitafuta kazi iliyomo na mtu inayemtumikia. Mkoa huu ulifundishwa kusoma kwa pamba na migomba, nasi hatuna budi kushukuru. Sasa wajukuu wa wasomaji wale wanafungua vitabu vilivyoandikwa mbali, vyenye ahadi kubwa na maneno matamu. Tukiwapeleka vijijini kabla hawajajua kuvihoji, gharama italipwa na yule mama wa mwaloni, atakayelaumiwa kwa mvua.